Lori la Mjomba Mwakio

Karibu na kituo cha treni cha Lewisham kuna duka dogo la dobi, na kila mlango wake unapofunguliwa mvuke hutoka ukakupiga usoni: harufu ya sufu iliyolowana ikikutana na chuma cha moto, na juu yake utamu kidogo wa wanga. Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua koti langu nikajikuta nimesimama pale kaunta, risiti mkononi, sijibu ninachoulizwa. Mwenye duka alidhani naumwa. Siumwi, ndugu msomaji. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka tisa, jikoni kwetu, na Mjomba Mwakio alikuwa anapiga pasi.

Sijaona tena mtu anayepiga pasi kama yeye. Tulikaa ghorofa ya nne katika jengo la kaunsili, yaani la halmashauri ya mji, Mama na mimi tu, maana baba yangu alikuwa ameshahama zamani kwenda kuanza maisha mengine. Mjomba alipopata likizo alikuja kwetu na begi lake kubwa, akaikunjua meza ya pasi katikati ya jiko hata friji isifunguke, akajifunga kitambaa kichwani kama mpishi wa harusi, akaanza. Shati alilinyunyizia wanga, akaiburuta pasi polepole kutoka begani hadi mwisho wa mkono, mpaka mkunjo ukasimama wima kama ukingo wa karatasi. Kisha alikakamaa mbele yangu.

"Afande Wakesho, shati liko tayari kwa ukaguzi."

Nami nilizunguka meza, mikono nyuma, nikimtafutia kosa. Nikilipata alipiga magoti sakafuni akaomba asifungwe.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa nyanya yangu, yaani mama yake Mama. Nyanya alizaa watoto wengi wakabaki wawili, Mama wa kwanza na Mwakio wa mwisho, na katikati yao makaburi madogo kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kwao ni milima ya Taita, juu ya Wundanyi, mahali ambapo shamba limeinama kiasi kwamba, kama alivyopenda kusema mjomba, ukiangusha boga huna haja ya kulikimbilia, utalikuta kwa jirani limeshapikwa. Mama ndiye aliyetangulia London, akawa anawatunza wazee wa Kiingereza katika nyumba zao, akawaogesha na kuwalisha. Baadaye akamwita mdogo wake aje asome uhasibu. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la kuku wa kukaanga. Kabla hajamaliza mwaka kikafungwa, walimu wakatoweka, naye akabaki na viza inayoelekea kwisha na aibu ya kurudi kijijini mikono mitupu. Siku hizo jeshi la Uingereza lilikuwa linawachukua vijana wa nchi zilizokuwa koloni zake. Mjomba alimwambia Mama kwamba anakwenda kuuliza tu. Alirudi ameshajiandikisha.

Kumwambia Nyanya ndiko kulikowashinda wote wawili. Nyanya alikuwa amelikataza jeshi nyumbani kwake. Mtoto wake angeweza kuwa mlevi, angeweza kuiba mbuzi akafungwa Voi, naye angempelekea chakula gerezani. Lakini mwanajeshi, hapana. Sababu yake sikuijua wakati ule. Nakumbuka tu kwamba Mama na mjomba walikaa mezani wakizungumza Kitaita, ambacho sikukielewa, mpaka chai ikaota utando juu, na walipoinuka mjomba alikuwa amegeuka dereva wa lori.

Haukuwa uongo mtupu, na nadhani hiyo ndiyo iliyowapa moyo. Jeshini kweli alifundishwa kuendesha malori makubwa ya kubeba mizigo. Walichofanya ni kulivua lile lori rangi yake ya jeshi na kulitafutia kampuni.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa tulimpigia Nyanya, simu tukaiweka katikati ya meza ili sote tusikie. Nyanya alipiga kelele kana kwamba anatuita kutoka mlima wa pili.

"Mwakio! Lori halijambo?"

"Halijambo, mama."

"Wiki hii umebeba nini?"

"Viazi, mama."

Jumapili nyingine zilikuwa blanketi. Jumapili nyingine mjomba, akinikonyeza, alisema amebeba vyoo.

"Vyoo?"

"Vyoo vya kukalia, mama. Lori zima."

Nyanya alicheka mpaka akakohoa, na sisi tukacheka kwa kumsikia akicheka. Kisha akatuambia kwamba kanisani kwake sasa kuna ombi jipya. Wazee huombea mvua, wanafunzi huombea mitihani, na yeye husimama kuombea magurudumu ya lori la Mwakio, yasipasuke, yasiteleze, yasikutane na mlevi barabarani, na kanisa zima huitika amina. Mjomba alicheka tena. Halafu akatoka akaenda kusimama kwenye roshani peke yake, na kupitia kioo nilimwona akijifuta uso kwa mkono wa lile shati alilokuwa ametoka kulinyoosha.

Mwaka uliofuata wakampeleka Afghanistan.

Huko alipiga simu mara chache, sauti yake ikichelewa kufika, na nyuma yake kitu kikivuma bila kupumzika. Jumapili moja Mama alimuunganisha na Nyanya.

"Mbona upepo?" Nyanya aliuliza.

"Niko Skotlandi, mama. Huku juu kuna upepo mwingi."

"Vaa fulana ya ndani."

"Nimevaa, mama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyozungumza na mama yake. Upepo na fulana.

Walikuja Jumamosi mchana. Mama alikuwa anaponda kimanga, maharagwe na muhogo pamoja, chakula cha kwao ambacho mimi nilikila kwa kulazimishwa, na jiko lote lilikuwa na mvuke. Kengele ya mlango ikalia nikakimbia kufungua. Walikuwa mwanamume na mwanamke wenye makoti meusi, nywele zao safi, na yule mwanamke aliponiona mimi nimetangulia mlangoni alifumba macho kidogo. Akauliza kama mama yangu yupo. Mama akatokea na mwiko mkononi. Hawakuwa wamesema kitu bado. Mama aliwatazama, akautazama mwiko, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wakesho, nenda ukazime jiko." Nilipokuwa nazima ndipo nikamsikia akianguka.

Mjomba alikuwa amepigwa risasi. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Yule mwanamke wa jeshi alirudi tena mara nyingi, maana ndiye aliyepewa kazi ya kutusaidia. Alikuwa mtu mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimweleza Mama kwamba, kama familia inataka, jeshi litampeleka Mwakio mpaka kwao. Wenzake watalisindikiza jeneza kwenye ndege, watalipandisha mlimani, watalibeba mabegani mpaka shambani, na atapigiwa saluti pale pale mbele ya mama yake. Alisema hivyo akidhani anatoa faraja.

Nilikuwa nimekaa chini kando ya miguu ya Mama nikaona vidole vyake vya miguu vikijikunja kwenye zulia.

"Hapana," alisema. "Tutamzika hapa."

Jioni alimpigia Nyanya. Alimwambia kuna ajali. Alimwambia lori limepinduka kwenye barafu. Kilichotoka kwenye ile simu sitakiandika. Baada ya muda mrefu Nyanya aliuliza, "Mnamleta lini?" Mama akajibu kwamba mwili umeharibika, hauwezi kusafiri. "Basi nitakuja mimi," akasema Nyanya, mwanamke ambaye mbali alikowahi kufika ni Mombasa.

Mama hakutegemea hilo. Lakini yule mwanamke wa jeshi aliposikia kwamba mama mzazi anataka kuja, alihangaika mpaka viza ikatoka upesi na tiketi ikapatikana. Nyanya aliambiwa ni kampuni ya malori. "Kampuni yenye utu," alisema alipofika, ameketi ukingoni mwa kitanda changu na koti la kuazima lililomfika kwenye vifundo vya miguu. "Wengine wangemtupa."

Mama alikuwa ameomba mazishi yasiwe ya kijeshi. Pasiwe na bendera, pasiwe na tarumbeta, pasiwe na sare. Alimwambia yule mwanamke kwamba ni mambo ya kwetu, na yule mwanamke akakubali bila kuuliza. Ibada ingekuwa katika kanisa letu la Wakenya, ukumbi uliokuwa zamani ghala la mazulia, pasta ameshaonywa, waumini wameshaonywa. Kwa siku zote za kungoja nilimwona Mama akizunguka nyumba nzima akigeuza picha na kuficha vitu, hata lile kopo la wanga alilifungia kabatini. Mimi aliniambia neno moja tu: "Usizungumze na Nyanya habari za mjomba. Utamuumiza." Halikuwa agizo gumu. Mimi, kama watoto wengi wa hapa, nilisikia Kiswahili chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, na Nyanya hakujua Kiingereza. Tulikuwa tunashikana mikono tu.

Hakuna aliyewaonya marafiki wa mjomba wa jeshini. Au labda waliambiwa wakaona haiwezekani kumzika Mwakio wakiwa wamevaa kama watu wanaokwenda ofisini. Walikuja kwa treni, kwa gharama yao wenyewe, na teksi yetu iliposimama mbele ya kanisa walikuwa wamejipanga pande mbili za mlango, sare zimenyooka, vifungo vinang'aa, macho mbele. Kati yao kulikuwa na kijana mmoja wa kutoka Fiji, mrefu kama mlango wenyewe, machozi yakimtiririka asiyafute kwa sababu hakuruhusiwa kusogeza mikono.

Mama akasema, "Ee Mungu wangu."

Nyanya alishuka. Alikuwa ameshika mkono wangu. Aliwatazama upande wa kushoto, akawatazama upande wa kulia. Hakumgeukia Mama, wala hakumgeukia pasta aliyekuwa anashuka ngazi mbio kuja kumpokea. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Wakesho. Hawa ni madereva wenzake?"

Niliyatafuta maneno. Nakumbuka kabisa nilivyoyatafuta, moja baada ya jingine.

"Hapana, Nyanya," nilisema. "Ni wanajeshi. Na mjomba pia."

Akanyooka. Aliuachia mkono wangu taratibu, akaenda mpaka kwa yule kijana wa Fiji, akaushika mkono wa koti lake na kukipapasa kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitenge sokoni. Kijana akashindwa, akavunja mstari, akainama akamkumbatia. Alizungumza maneno mengi, na Nyanya akaniita niyatafsiri. Nilifanya nilivyoweza. Nilimwambia anasema walikuwa kwenye msafara, mtu mmoja akajeruhiwa mbele, na mjomba akashuka kwenye lori kwenda kumvuta, ndipo wakampiga. Nilimwambia anasema mjomba alikuwa dereva hodari kuliko wote. Anasema lori lake halikupata hata mkwaruzo.

Mazishi yenyewe siyakumbuki vizuri. Mvua ilikuwa ya manyunyu, udongo ulikuwa mwekundu unaoelekea njano, na Nyanya alisimama kama mtu anayengoja basi.

Tuliporudi nyumbani hakuvua koti. Aliketi mezani, mahali palepale tulipokuwa tunaiweka simu, na Mama akasimama mlangoni pa jikoni hathubutu kuingia.

"Mghoi," Nyanya alimwita kwa jina lake. "Miaka yote hii mimi nimekuwa nikiombea magurudumu."

"Mama, tulikuwa tunakuonea huruma."

"Ningejua, ningemwombea kifua chake. Ningemwombea kichwa. Mungu alikuwa ananisikiliza, mwanangu, na mimi namsumbua na habari za magurudumu." Alikuwa hapazi sauti. "Amenipa nilichoomba. Si umesikia? Lori limerudi zima."

Mama alipiga magoti akamshika miguu. Nyanya hakumsukuma, wala hakumgusa. Walikaa hivyo, na mimi kwa kuwa sikujua la kufanya nilikwenda kuchemsha maji ya chai, na chai hiyo haikunywewa na mtu.

Alikaa nasi siku kadhaa kabla ya ndege yake. Mama alirudi kazini kwa sababu hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Mchana Nyanya alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka, mikono yake migumu ikinuka mafuta ya nazi, na alipokuwa ananisuka alizungumza, nusu na mimi nusu na kichwa changu. Hapo ndipo nilipoambiwa ile sababu.

Baba yake Babu, yaani baba mkwe wa Nyanya, alichukuliwa na Waingereza katika vita kuu ya pili, akaingizwa Keya, jeshi lao la Waafrika, akapelekwa Bama, yaani Burma, nchi ambayo milimani hapakuwa na mtu aliyejua iko upande gani. Aliacha mke mwenye mimba, na mimba hiyo ndiyo Babu. Vita vilipokwisha wengine walirudi na makoti mazito na viatu vya ngozi. Yeye hakurudi. Chifu alisema amekufa. Mkewe hakuonyeshwa kaburi, hakuletewa hata kifungo cha shati, naye akakataa kukaa matanga ya mtu ambaye hajamwona, akakataa kurithiwa na shemeji, akangoja. Nyanya alipoolewa katika nyumba hiyo alimkuta amezeeka kabla ya umri wake. Kila siku ya soko alishuka naye Wundanyi amemshika mkono, na kila mgeni aliyepita, awe mchuuzi wa samaki au karani, yule mama alimsimamisha akamuuliza kama ametoka Bama. Watoto walimcheka. Alikufa akiwa bado anauliza.

"Mimi ndiye niliyemwosha," Nyanya alisema. Alikuwa amefika nyuma ya sikio langu na alivuta kwa nguvu. "Nikamwambia Mungu, yote nipe, lakini hili la huyu mama sitaliweza."

Niliuma meno nisilie kwa sababu ya kusukwa. Nilidhani hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu siku hiyo.

Heathrow, kwenye foleni ya mizigo, mbele yetu alisimama mama mmoja Mkenya mwenye masanduku matatu. Alimwona Nyanya na kitambaa chake cheusi, akampa pole, akamuuliza alikuja kumzika nani.

"Mwanangu wa mwisho," Nyanya alijibu.

"Ooh, Mungu wangu. Alikuwa mgonjwa?"

"Ajali," akasema Nyanya. "Alikuwa dereva. Lori lilipinduka kwenye barafu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anasoma ubao wa ndege kana kwamba hajasikia. Nikajisikia vibaya, maana niliamini kosa ni langu. Niliamini Kiswahili changu kilikuwa kibovu sana pale kanisani, kwamba Nyanya hakunielewa, na sasa anarudi nyumbani na habari isiyo sahihi. Nilitaka kumvuta nguo nimweleze upya. Lakini alikuwa ameshapita kwenye kizuizi, koti la kuazima likiburuta, na hakugeuka nyuma.

Mama aliendelea kumpigia kila Jumapili. Walizungumza habari za mvua na za ng'ombe. Simu hazikuzidi dakika chache, na baada ya hapo Mama aliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nyanya alipofariki nilikuwa chuo kikuu. Tulikwenda pamoja, Mama na mimi, safari yangu ya kwanza kupanda milima ile. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Ukutani ilitundikwa picha ya Babu, na kando yake ya Mjomba Mwakio akiwa kijana wa sekondari, shati jeupe, anacheka. Nilitafuta picha nyingine sikuiona. Na watu walipoanza kuja kutupa mkono, mmoja baada ya mwingine, nikaanza kusikia. Pole kwa nyanya, pole na kwa mjomba. Mama yenu hakupona tena tangu lile lori. Barabara za Ulaya si za kuchezea. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba mpaka Jumapili ya mwisho ya uhai wake Nyanya alisimama kuwaombea madereva.

Mama aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sikumfuata.

Nilikaa pale nikaelewa kwamba Nyanya alikuwa amenisikia vizuri sana. Alinielewa kila neno, akalibeba peke yake mpaka huku, akalifunika. Labda hakutaka mwanaye aliyebaki anyooshewe vidole. Labda hakuweza kuliambia kanisa kwamba miaka yote ile liliitikia amina bure. Labda aliogopa kuwa kama yule mama mkwe wake, anayesimamisha watu sokoni. Sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba katika kijiji alichozaliwa Mwakio, hakuna mtu hata mmoja anayejua alikufa akimvuta nani, wala wapi, wala kwa nini, na Mama hataki wajue.

Bibi mmoja kizee, jirani wa lile shamba la chini, alinishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye wa Mghoi? Hebu niambie, mwanangu, wewe unayekaa huko. Hiyo barafu iliyompindua Mwakio, inakuwaje mpaka ilishinde lori?"

"Haionekani, bibi," nilimwambia. "Barabara unaiona kavu kabisa, kumbe imeganda. Dereva hata awe hodari namna gani hawezi kuijua mpaka ameshaingia."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanisifu kwamba Kiswahili changu ni kizuri kwa mtoto aliyezaliwa Ulaya.